Geuza santuri: Mbaraka Mwinshehe na gitaa lililovuka mpaka

Hebu nikuulize, msomaji wangu. Mara ya mwisho kusikiliza wimbo wa dakika nane mpaka mwisho bila kuuruka ilikuwa lini? Usiogope, huu si mtihani. Najua ngoma za siku hizi zinaisha hata kabla matatu haijatoka Kariobangi kufika Phase 1. Kibwagizo kinaingia, unatikisa kichwa, na kidole kishagusa wimbo unaofuata. Leo nakuletea jamaa ambaye nyimbo zake hazisikilizwi hivyo. Ukizikata katikati ni kama umelipa nauli ya Mombasa halafu ukashukia Mlolongo.

Anaitwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Taja jina hilo mbele ya mzee yeyote aliyehamia Dandora wakati ploti zinagawanywa, kisha umwangalie uso. Atatabasamu kwanza, halafu atanyamaza kidogo. Mbaraka alituacha zaidi ya miaka arobaini iliyopita, akiwa na miaka 34 tu, na bado wazee wanamzungumzia kama mtu waliyekunywa naye chai jana.

Wengi wakimtaja huanza na mashairi yake. Ni haki yao, jamaa alijua kuandika. Lakini wacha nikupe maoni yangu mapema: mimi naona utajiri wake mkubwa uko pale anapoacha kuimba. Sauti inanyamaza, magitaa yanabaki, saksafoni zinajibu, tumba zinaongea, na bendi nzima inapata nafasi ya kupumua. Ukiyaangalia maisha yake vizuri, utaona alihangaika miaka yote kuitafuta nafasi hiyo. Twende naye pole pole.

Mtoto wa Mzenga, kijana wa Morogoro

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, wilaya ya Kisarawe, eneo ambalo leo liko katika Mkoa wa Pwani, Tanzania. Wakati huo nchi iliitwa Tanganyika na Mwingereza ndiye aliyekuwa akiamua mambo. Lakini mji uliomlea kimuziki ni Morogoro, na huwezi kumwelewa Mbaraka bila kuuelewa mji huo.

Piga picha. Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, kwenye njia ya reli inayotoka Dar es Salaam kwenda bara. Pande zote palikuwa na mashamba ya mkonge. Penye mashamba pana vibarua, penye vibarua pana mshahara, na mshahara ukitoka watu wanataka kucheza. Hiyo hesabu unaijua hata wewe wa Dandora: mwisho wa mwezi ukifika, mtaa unabadilika sauti. Ndivyo mji mdogo wa Morogoro ulivyopata nguvu ya kulisha bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja.

Bendi ya kwanza ilikuwa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Ya pili ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanza mwaka 1948. Usishangae hayo majina. Neno jazz hapo halikumaanisha muziki wa Wamarekani, lilimaanisha tu bendi ya kisasa ya dansi. Na Cuba iliingiaje Morogoro? Kwa santuri. Tangu miaka ya thelathini, kampuni ya HMV ilikuwa ikiuza barani Afrika santuri za muziki wa Cuba zilizojulikana kama GV. Vijana wa huku walizisikiliza, wakagundua kwamba ngoma zile zina damu ya Afrika ndani yake, wakazikumbatia kama jamaa aliyerudi nyumbani kutoka safari ndefu.

Ushindani wa bendi hizo mbili ulikuwa noma. Ukishabikia hii, ile ni adui wako, kama Gor na AFC tu. Salum Abdallah alikuwa mfalme wa mji kwa miaka mingi, hadi ajali ya gari ilipomuua mwaka 1965. Ni katikati ya miaka hiyohiyo ya sitini ndipo kijana Mbaraka, mwenye miaka ishirini na kidogo, alipoingia Morogoro Jazz. Kiti cha mfalme kilikuwa wazi, na huyu dogo alikuja na gitaa.

Kazi ya kila mtu kwenye bendi

Kabla tuendelee, wacha nikupeleke jukwaani kidogo, manake hapa ndipo wengi wetu wa kizazi cha kompyuta hupotea. Sisi tumezoea produsa mmoja ndani ya chumba kimoja, na kila sauti inatoka kwenye programu moja. Bendi ya wakati wa Mbaraka ilikuwa watu wengi wenye kazi tofauti, na mmoja akilala usingizi wimbo wote unaanguka.

Kuna gitaa la solo, lile linaloimba bila maneno. Kuna gitaa la pili linalolijibu solo, wakati mwingine likilifuata kwa nyuma, wakati mwingine likilikatiza kama rafiki mbishi. Kuna gitaa la ridhimu, ambalo kazi yake ni kurudia kitu kimoja kwa uvumilivu mkubwa, ndio wenzake wapate mahali pa kukanyaga. Kuna gitaa la besi, linalotembea chini kama mtu mnene asiye na haraka. Kuna drams, kuna tumba za kupigwa kwa mkono, kuna saksafoni na tarumbeta. Juu ya hayo yote kuna waimbaji, na wao huimba kwa kupandishana sauti, mmoja juu, mwingine chini.

Mbaraka alipanda ndani ya Morogoro Jazz mpaka akawa sura ya bendi: mtunzi, mwimbaji na mpiga solo. Mashabiki walimpa jina la Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa zima. Wengine walimfananisha na Franco wa Kinshasa, na unajua kulinganishwa na Franco wakati huo si jambo dogo. Bendi za Tanzania zilikuwa na desturi ya kuwa na mtindo wake, jina la kuutambulisha mdundo wao na namna ya kuucheza. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, na Morogoro Jazz wakatamba na Sululu na Likembe. Ukisikia tu gitaa mlangoni, ulijua ni nani yuko ndani kabla hujalipa kiingilio.

Nyimbo nyingi zilijengwa kwa sehemu mbili. Kwanza inakuja hadithi, taratibu, waimbaji wakikueleza shida ya mapenzi au ya pesa au ya jirani. Halafu hadithi ikishasemwa, mdundo unakaza na maneno yanapungua. Hapo sasa solo linachukua usukani, na watu waliokuwa wameketi na soda zao wanaamka. Usidhani sehemu hii ya pili ilikuwa ya kujazia muda. Kwa mchezaji aliyefanya kazi mkongeni wiki nzima, hii ndiyo aliyoijia.

Na huyu Mbaraka alijua kukaa ndani ya sehemu hiyo. Hakuwa mtu wa kuonyesha kasi ya vidole. Anachukua kipande kifupi cha muziki, anakirudia, anakigeuza kidogo mwishoni, anakirudia tena, mpaka unaanza kukingoja kama unavyomngoja mtu unayempenda kwa stendi. Halafu anakunyima kidogo. Halafu anakupa.

Kanda za Dar, santuri za Nairobi

Sasa ingia kwenye pesa, manake mwanamuziki anakula. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, lakini kanda hizo zilikuwa za kupigwa hewani, hazikuwa za kuuzwa dukani. Ungeweza kuwa maarufu nchi nzima, kila redio inakuimba kutoka Mwanza hadi Mtwara, na mfukoni huna kitu. Je, hiyo hali haikukumbushi msanii fulani wa mtaani kwenu mwenye mamilioni ya watazamaji na hana nauli?

Aliyetaka santuri alifunga safari kuja Nairobi. Hapa ndipo palikuwa na studio za kampuni kubwa, mashine za kuchapa, na maduka ya River Road na mitaa jirani yaliyosambaza muziki mpaka Uganda. Mbaraka alikuwa mmoja wa waliokuja, na muziki wake ukatolewa na Polygram. Ndiyo maana, japo alikuwa Mtanzania damu, santuri zake nyingi ni watoto waliozaliwa Nairobi.

Na hapa kuna jambo dogo la kiufundi ambalo naomba ulishike. Santuri ndogo za wakati huo zilibeba dakika chache tu kila upande. Wimbo wa bendi ya dansi haukuenea. Basi walifanya nini? Waliukata mara mbili. Upande wa kwanza ukaandikwa sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Unasikiliza hadithi, sindano inafika mwisho, unainuka, unageuza santuri, unaweka sindano tena. Upande huo wa pili ndio mara nyingi uliobeba magitaa.

Fikiria maana yake. Ili upate uhondo wenyewe ilibidi uinuke kwenye kiti. Muziki ulikudai kitu. Na watu waliinuka, kwenye mabaa na nyumbani, mpaka upande wa pili ukakwaruzika kuliko wa kwanza.

Osaka na kurudi

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walipata safari ambayo hata leo ingemtoa msanii kijasho. Japani ilikuwa imeandaa maonyesho makubwa ya dunia mjini Osaka, Expo 70, na bendi hiyo ilikwenda kuiwakilisha Tanzania. Waza vijana wa mji wa mkonge, waliojifunza muziki kwa kusikiliza santuri za watu wengine, wanasimama mbele ya dunia kupiga muziki wao wenyewe, kwa Kiswahili, bila kumwomba mtu ruhusa ya kusikika kama Mwingereza. Mbaraka aliporudi hakuiacha safari ipite hivihivi. Aliitungia wimbo ulioitwa Expo 70.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, kuandika yaliyotokea. Tarehe 25 Desemba 1971, mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima katika mgogoro wa shamba, wakati siasa ya ujamaa ilipokuwa ikipamba moto. Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo. Kwa wale ambao hawakununua gazeti, au hawakujua kulisoma, bendi ilikuwa gazeti lao. Unaweza kusema alikuwa akifanya kazi ambayo baadaye vijana wa Dandora walikuja kuifanya kwa rap.

Pia alikuwa na nyimbo za ucheshi na za kuonya. Jogoo la Shambani inatokana na ile methali unayoijua ya jogoo wa shamba na kuwika mjini. Pole Dada, Pesa, Masimango, orodha ni ndefu. Lakini turudi kwa maisha.

Kuvunja kambi

Mwaka 1973 Mbaraka alifanya uamuzi ambao ungemtia yeyote baridi ya tumbo. Aliondoka Morogoro Jazz. Aliiacha bendi yenye jina kongwe, mashabiki tayari na mtindo unaojulikana, akaanzisha ya kwake: Orchestra Super Volcano. Alikuwa na miaka 29.

Uzito wake utauona ukijua mazingira. Tanzania ya miaka hiyo bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Vyombo vilikuwa vya taasisi, na wewe mwanamuziki ukiondoka unatoka na vidole vyako tu. Vyombo vilitoka ng'ambo, bei yake usiulize. Kwa hiyo kijana aliyeamua kusimama na bendi yake mwenyewe hakuwa anabadilisha jina tu. Alikuwa anajibebesha mizigo ya watu wote waliomfuata: chakula, usafiri, vyombo, na aibu kama mambo yakikwama.

Jina Volcano alilichagua vizuri. Volkeno haitokei kwa ghafla juu ya ardhi, huanza kuchemka chini. Ukisikiliza kazi za Super Volcano utaona hivyo hivyo. Mtindo wao waliuita Masika, jina la zile mvua ndefu ambazo haziji kwa tone moja. Saksafoni zinatanda kama mawingu, magitaa yananyesha bila kukatika, na chini yake besi na tumba zinakusukuma. Sauti ya bendi ikawa pana zaidi na nzito zaidi, na Mbaraka akajipa ruhusa ya kukaa na gitaa muda mrefu kadiri anavyotaka. Sasa hakukuwa na mkubwa wa kumwambia amalize.

Hapa ndipo mimi hubisha na wale wanaosema alikuwa nyota aliyezungukwa na wapigaji wa kukodi. Sikiliza tena. Ni kweli jina lake ndilo lililoandikwa mbele. Lakini mtu wa ridhimu asipokuwa mvumilivu, lile solo linaning'inia hewani. Mbaraka alijua hilo, na alijua kungoja. Anawaachia saksafoni wamalize sentensi yao ndipo aingie. Kiongozi anayejua kunyamaza ni adimu, kwenye bendi na hata kwenye kamati ya ploti.

Mpaka unafungwa, wimbo unapita

Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huohuo. Nchi hizi mbili zilikuwa zimechukua njia tofauti, moja ya ujamaa na nyingine ya soko, na viongozi walikuwa wakirushiana maneno makali. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Miaka karibu saba, jirani hamtembelei jirani kwa njia halali ya barabara.

Lakini hewa haina kizuizi cha polisi. Wanamuziki wa Tanzania walikuwa tayari wamejaa Nairobi. Simba Wanyika ya kina Kinyonga, watoto wa Tanga, ilikuwa hapa tangu mwanzo wa miaka ya sabini, na mwaka 1978 Les Wanyika ikachomoka kutoka humo. Kiswahili chao na magitaa yao ndiyo yaliyoufunza mji huu kucheza. Na Mbaraka, ambaye nyumbani kwake kulikuwa upande wa pili wa mpaka, akawa na wimbo uliozunguka Kenya nzima mwishoni mwa miaka hiyo. Uliitwa Shida.

Jina linatosha, sihitaji kukueleza. Ni wimbo wa mtu aliyelemewa na maisha. Kila mtu alijiona ndani yake, awe Mkenya au Mtanzania, manake shida haiulizi pasipoti. Lakini angalia ujanja wa huyu mtu. Angeweza kukuacha ukilia. Badala yake, maneno yakishakubana, magitaa yanakuja kukuinua. Hayasemi kwamba shida imeisha. Yanakupa tu nguvu ya kuirudia Jumatatu.

Mombasa, Januari 1979

Nimeivuta hadithi kidogo kwa sababu sehemu hii siipendi.

Januari 1979, Mbaraka alikuwa Mombasa. Alipata ajali ya gari na akafa. Alikuwa na miaka 34. Hakufika 35, umri ambao wasanii wengi wa leo bado wanaitwa vijana chipukizi. Salum Abdallah barabara ilimchukua mwaka 1965, na sasa Mbaraka naye. Mji mmoja, wafalme wawili, kifo cha aina moja.

Alikufia Kenya wakati mpaka umefungwa. Nchi iliyomzaa na nchi iliyochapa santuri zake hazikuwa zikisalimiana, lakini zote mbili zililia. Super Volcano bila Mbaraka haikudumu. Na hilo ndilo jambo linalouma kuhusu bendi ya mtu mmoja: uhuru alioupata mwaka 1973 ulikuwa umefungwa kwenye uhai wake. Morogoro Jazz iliweza kumpoteza ikaendelea. Volcano ilizimika.

Baadaye Polygram ilitoa mfululizo wa albamu zilizokusanya nyimbo zake, na ikaziita Ukumbusho, kwa namba, moja baada ya nyingine. Ukitaka kuanza mahali, anzia hapo. Katika santuri kubwa upande mmoja una nafasi, kwa hiyo nyimbo zilizokuwa zimekatwa mara mbili zinaweza kusikika zikiwa karibu na urefu wake. Unaketi, na bendi inatandaza kila kitu mbele yako kama mama mboga anavyotandaza sukuma asubuhi.

Sasa Dandora inaingiaje?

Najua umekuwa ukijiuliza. Hiki ni ukurasa wa vijana, na huyu ni mtu wa Morogoro. Tulia.

Dandora na Super Volcano ni rika moja. Mradi wa Dandora ulianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti 6,000, nyingi zikiwa na choo, bafu na maji tu, na mwenye ploti ajijengee vyumba mwenyewe kidogo kidogo. Watu walihamia mwishoni mwa miaka ya sabini, wakalala kwenye chumba kimoja huku wakijenga cha pili. Redio yao ilikuwa Sauti ya Kenya, VOK. Wakati mawe ya Phase 1 yanapangwa, Shida ilikuwa hewani. Kwa hiyo ukimsikia mzee wa ploti yenu akiimba hiyo ngoma huku akirekebisha bomba, ujue hajasikiliza muziki wa kale. Anasikiliza nyumba yake ikijengwa.

Halafu sisi watoto na wajukuu tukaja na yetu. Kalamashaka walitokea hapahapa miaka ya tisini, wakarap kwa Kiswahili wakati wengi walidhani rap ni ya Kiingereza. Ukoo Flani Mau Mau wakafuata, kikosi kizima, na mwaka 2004 sauti zao zikawa ndani ya albamu ya Kilio cha Haki. Sikiliza jinsi Ukoo Flani walivyogawana wimbo: huyu anachukua beti, anamkabidhi mwenzake, huyo anamkabidhi mwingine. Halafu sikiliza Super Volcano: solo linamkabidhi saksafoni, saksafoni inalikabidhi gitaa la pili. Hawa waligawana maneno, wale waligawana nyuzi. Heshima ni ileile. Mtu anapewa nafasi, anaijaza, anaiachia.

Kinachonisumbua ni kwamba nafasi hiyo inapungua. Kijana anayetaka kutengeneza muziki hapa mtaani leo ana simu, labda laptopu ya kuazima, na vipande vya sauti alivyopakua. Si kosa lake, gitaa ni ghali na besi ni ghali zaidi. Mimi mwenyewe chuo kilinitema kwa sababu ya karo, kwa hiyo siwezi kumhubiria mtu kuhusu kununua vyombo. Lakini kusikiliza ni bure, au tuseme ni bei ya bando. Na masikio yasiyowahi kusikia watu tisa wakingojana hayawezi kujua kwamba kuna kitu kinakosekana.

Kwa hivyo nakupa kazi ya nyumbani. Ingia YouTube, mtafute Mbaraka, kuna mashabiki wamepakia santuri zao kwa upendo. Ukipenda kushika kitu halisi, Kenyatta Market kumekuwa na kibanda cha santuri za kale. Chagua wimbo mmoja tu. Usikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, usishike kingine. Mara ya pili fuata lile gitaa la ridhimu, lile linalorudia kitu kimoja bila kuchoka, na umwonee huruma mpigaji kidogo. Mara ya tatu mfuate Mbaraka, na usubiri pale anapoacha kuimba.

Halafu mpigie mzee wako simu umuulize ilikuwa wapi mara ya kwanza kuisikia hiyo ngoma. Weka salio la kutosha, hatamaliza haraka.